Kiwashio Kilipopasuka Nyumbani kwa Fundi

Tanuri la kupashia nyumba joto lilizima Jumanne asubuhi, siku ileile upepo ulipoanza kushuka kutoka Kanada, na mimi nikalipiga teke. Ndiyo, teke, tena la buti. Mwanamke mzima, bibi wa watu, nimesimama chumba cha chini ya nyumba na gauni la kulalia na koti la mume wangu juu yake, nalitukana tanuri la gesi kwa maneno ambayo mchungaji wetu hajui kwamba nayajua. Miaka yote ile mume wangu alikuwa fundi wa matanuri wa wilaya nzima. Hakuna nyumba kuanzia hapa mpaka mpakani ambayo hakuingia na begi lake la vifaa. Halafu letu, letu sisi, lingoje siku hii!

Mume wangu, Verlyn, alikuwa juu, chumba cha mbele, kwenye kitanda cha hospitali tulichoazimwa, anakufa. Nasema hivyo hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kansa ilianza kwenye kongosho ikatembea kote. Alipotolewa hospitali mwezi wa kumi na moja aliniomba kitu kimoja: "Mama, wasinirudishe kule." Verlyn Kvamme si mtu wa kuomba. Hata chumvi mezani alikuwa anaizunguka na mkono mpaka umwonee huruma umsogezee. Kwa hiyo nikamwambia, hutoki humu ndani mpaka siku ya kubebwa na watu wa mazishi. Tukapeana mikono kama watu waliouziana ng'ombe.

Ila nesi na binti yetu Jolene, anayekaa Minneapolis, walikuwa na sharti lao. Mtu aliyebaki mifupa na ngozi hawezi kulala kwenye nyumba ya baridi, mwili wake haujipashi tena. Joto likikatika, anapigiwa simu sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, greda la theluji linafungua njia, gari la wagonjwa linakuja kumchukua. Nilikubali mbele yao wote. Hata wewe ungekubali, maana siku ile tanuri lilikuwa linanguruma vizuri na mimi nilikuwa nakatakata keki.

Sasa sikia nilichofanya. Anayeendesha greda la wilaya ni jirani yetu wa shamba la pili, Lyle Stenerud. Asubuhi ile alipita mara ya mwisho kabla hawajayaondoa magreda barabarani, maana upepo ukishafika pale hata dereva haoni taa zake mwenyewe. Akasimamisha, akaja mlangoni, nyusi zimejaa theluji.

"Habari za humu, Ardis?"

"Nzuri tu. Za kwenu?"

"Nzuri. Kaupepo kidogo leo."

"Eh, kaupepo kidogo." Nyuma yake ghala letu lilikuwa halionekani kabisa.

"Mzee je?"

"Yupo, hajambo."

"Mna kila kitu? Joto lipo?"

Hapo. Jamani, hapo hapo ndipo mtu mwenye akili zake angemshika mkono akamvuta ndani. Mimi nikasema, "Tuko sawa kabisa, Lyle, wala usijisumbue."

"Una hakika?"

"Sana. Wahi nyumbani, mkeo Judy ataingiwa na wasiwasi."

Watu wa huku ndivyo tulivyo. Nyumba inaungua, mtu anawaambia zimamoto wasihangaike. Umelelewa kwamba shida yako ni yako, mtu akikuuliza unakataa, akiuliza tena unakataa, huku moyoni unaomba asisitize. Na Lyle kalelewa hivyo hivyo, anajua kusisitiza ni kuingilia mambo ya watu. Akagusa kofia, akaenda zake. Nikabaki nyuma ya mlango nasikiliza greda linaondoka. Nilijichukia. Yule aliyenunua biashara ya Verlyn mjini nilimpigia simu, akasema barabara zimefungwa, atakuja zikifunguliwa, labda keshokutwa. Nikamwambia hakuna taabu. Hakuna taabu! Ningeweza kujing'ata ulimi.

Basi nikarudi chini na tochi. Mke wa fundi hujua sauti hata kama hajui kazi. Tanuri zima huanza na feni yake ndogo, unasikia tak, kiwashio kinageuka chekundu halafu rangi ya chungwa, tak ya pili gesi inafunguka, moto unadaka vuuu mstari mzima. Letu lilikuwa linafanya feni, tak, giza. Tak, gesi ikapumua kidogo ikajifunga. Likajaribu tena na tena, likachoka, taa yake nyekundu ikabaki inanikonyeza. Nikafungua mlango wake nikamulika. Kiwashio ni kidude cha kijivu, kirefu kama kidole, umeme ukipita kinaiva kama waya wa jiko la umeme. Chetu kilikuwa na ufa katikati, mstari mweupe mwembamba. Kazi yake imekwisha.

Verlyn hatupi kitu. Juu ya rafu kulikuwa na kopo la kahawa alimoweka viwashio alivyotoa kwa watu vikiwa bado vizima, kila alipowafungia vipya. Alikuwa anawapelekea wajane, ila hilo aliona haya kulisema. Nikakuta viwili tu, kila kimoja kimefungwa kwenye gazeti. Kimoja cha kijivu, kinene, kinakwaruza kama tofali. Kingine chembamba, kigumu, kinang'aa. Kipi ni chetu, sikujua.

Simu ikalia kabla sijafika juu. Jolene.

"Mama, mbona unahema hivyo?"

"Natoka chini."

"Unafanya nini chini? Mama, joto lipo?"

"Lipo la kutosha."

"Mama!"

"Tanuri limezima kidogo."

"Limezima kidogo ndiyo nini? Limezima au halijazima?"

"Limezima, Jolene. Nalitengeneza."

"Wewe? Na bisibisi unaishika kichwa chini?" Sauti yake ikavunjika. "Nakupa mpaka jioni. Giza likianza kuingia halijawaka, nampigia sherifu mimi mwenyewe, unichukie ukitaka."

"Nimemwahidi baba yako."

"Na sisi ulituahidi."

"Akifia njiani, kwenye gari, katikati ya theluji, hiyo ndiyo unayoitaka?"

"Na akifa kwa baridi, mama? Hiyo ndiyo unayoitaka wewe?"

Nikakata simu.

Chumba cha mbele kilikuwa kimeanza kupoa. Kihita kidogo cha umeme kilimpasha miguu tu, na nilijua nikichomeka cha pili umeme wa nyumba nzima unakatika, maana nyaya zetu ni za kizamani. Nilikuwa nimemrundikia blanketi zote, na kofia yake ya uwindaji kichwani, ile ya kufunika masikio. Matone yake ya dawa ya maumivu humtoa akili mahali alipo. Alipoona kopo la kahawa mkononi mwangu, macho yakafunguka, akajivuta juu ya mto.

"Habari za asubuhi, mama. Ndiyo, tumepata simu yako."

"Verlyn, ni mimi."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Limezima lini?"

Aliniangalia kwa ile adabu ya mlangoni kwa watu, adabu aliyokuwa akiivaa pamoja na koti la kazi. Aliniona mteja. Nikataka kumshika mashavu nimwambie niangalie vizuri, mimi ni Ardis, nimekuzalia mtoto. Lakini nilimhitaji fundi kuliko nilivyomhitaji mume wakati ule, Mungu anisamehe. Nikavuta kiti.

"Asubuhi hii, fundi."

"Chujio la hewa umebadilisha?"

"Nimebadilisha."

"Wote wanasema hivyo."

Nikacheka huku machozi yananitoka. Nikatoa kile cha kijivu kwenye gazeti, na Verlyn, mtu ambaye tangu Jumapili hakuwa ameinua sauti, akafoka: "Usikishike kwa vidole!"

"Nimefanya nini?"

"Mafuta ya mkono, mama. Umekigusa hapo, kikipata moto kitapasuka hapo hapo. Vaa soksi."

"Nimevaa."

"Mikononi, mama. Si miguuni."

Nikaenda kuleta soksi zake za sufu nilizomfumia mwenyewe, nikazivaa mikononi, nikakaa mbele yake kama mtoto anayecheza na vikaragosi. Akaniambia nilete mita ya kupimia umeme, niigusishe kwenye waya mbili za kiwashio, nisome. Nikasoma hamsini na kitu.

"Mzima huyo," akasema. Viwashio kwake ni watu, siku zote. "Huyo wa kijivu ndiye wa tanuri lako. Anakula umeme wote wa ukutani na halalamiki. Ila ni dhaifu, mama. Ukimkoromea tu anavunjika."

"Na huyu mwembamba?"

"Mgumu, huyo hata ukimwangusha. Lakini yeye kazoea umeme mdogo, wa haya matanuri mapya. Lako litamtia wote. Atawaka mweupe, halafu basi."

"Atawaka mara ngapi?"

"Mara moja. Akiwa na moyo, mbili."

Nikashuka na yule wa kijivu. Nilitoa kibovu, skrubu moja ikaniponyoka ikaingia chini ya tanuri, nikaitafuta kwa magoti kwenye saruji iliyokuwa baridi kama jiwe la kaburi. Nikaipata. Nikakiingiza kile cha kijivu taratibu, sipumui, mikono ndani ya soksi haisikii kitu. Kilikaa. Kilikuwa kimekaa kabisa, naapa. Nikaanza kuvuta mkono nyuma, na uzi wa soksi ukanasa kwenye ule ukwaruzo wake.

Tik. Sauti ndogo, kama mtu kavunja tambi kavu.

Nilikaa chini nikalia kwa sauti, mdomo wazi, kilio cha watoto. Soksi aliniambia nivae, nikavaa! Kila nilichoambiwa nilifanya! Nikamlaumu Mungu, nikamlaumu Lyle na kofia yake, nikajilaumu mimi niliyefuma soksi zenye nyuzi ndefu. Upepo huko nje uliendelea kupiga ukuta. Nilipochoka nikajifuta kamasi na soksi ileile, nikapanda ngazi.

"Limewaka?" akauliza.

"Kimevunjika, fundi."

Nilidhani atakasirika. Akatikisa kichwa polepole. "Huvunjika, mama. Nilivunja kimoja siku ya Krismasi nyumbani kwa watu, wote wamekaa sebuleni na makoti wananitazama. Nilitamani kuingia ndani ya tanuri nijifungie." Akapumzika, akihema. "Weka yule mgumu."

Mvuke ulikuwa unamtoka mdomoni akiongea. Ndani ya nyumba yangu, mbele ya picha ya harusi yetu, mume wangu anatoa mvuke. Nilikimbia.

Kiwashio chembamba hakikuwa na nia ya kukaa. Vichwa vya waya havikulingana, nikavikata, nikasokota waya kwa waya na kuzifunika na vile vikofia vyake vya plastiki. Kishikio kilikataa matundu, nikakibana na skrubu moja, kikakaa upande upande. Kama Verlyn angeiona kazi ile angenifukuza. Nikawasha swichi. Feni. Tak. Kikageuka chekundu, kikapita chungwa, kikawa cheupe mpaka nikafumba macho. Tak. Vuuu! Moto wa buluu, mstari mzima, kila tundu! Nikalikumbatia tanuri. Nikalibusu pale nilipolipiga teke, bati lina vumbi, sikujali.

Halafu akili ikanijia. Kiwashio kina kazi wakati wa kuwasha tu. Tanuri lisipozima, halihitaji kuwashwa tena. Nikapanda mbio mpaka kwenye kidhibiti cha joto ukutani, nikakisukuma hadi mwisho kabisa. Sasa nguruma, nikaliambia, nguruma mpaka masika.

Nyumba ikaanza kurudi. Madirisha yakatoa jasho. Nikampigia Jolene: limewaka, mwanangu, limewaka! Akalia, nikalia.

"Mama, nilishampigia sherifu."

"Ulisema jioni!"

"Sikuweza kungoja. Wamesema upepo ukipungua tu watatoka, Lyle atawatangulia na greda."

"Wapigie waambie wasije."

"Waje waone tu, mama. Wakikuta joto watarudi. Wakikuta baridi wanamchukua, tulikubaliana."

Basi, nikasema, waje. Watakuta nyumba ya moto kama oveni ya mikate. Kilichobaki ni moto ule usizime mpaka wafike. Nikaweka kahawa, nikatoa kofia kichwani mwa Verlyn, nikamfuta jasho la paji la uso. Nikamchotea matone yake, muda wake ulikuwa umefika.

Akafunga mdomo.

"Haliachi," akasema.

"Nini hakiachi?"

"Tanuri, mama. Mbona halizimi?"

"Nje kuna baridi, fundi. Kunywa dawa."

"Tanuri zima hupumzika. Hili linaumwa." Akasukuma kijiko. "Nikiwa kazini sinywi dawa."

Nilijua kinachofuata, na nilitamani nisingeolewa na mtu mwaminifu. Verlyn haondoki nyumbani kwa mtu mpaka aone tanuri limewaka mara tatu. Analizima, anangoja, analiwasha, anasikiliza. Mafundi wengine huwasha mara moja wakachukua chao wakaenda. Yeye mara tatu, hata kama ni mkesha wa mwaka mpya, hata kama mimi nimevaa kwenda harusini namngoja garini.

"Limewaka mara moja tu," akasema. "Bado mbili. Niletee buti, mama, nishuke."

"Utashuka wapi wewe? Lala!"

Akatoa mguu nje ya blanketi. Mguu wenyewe ni mfupa. Maumivu yakamkamata, akajikunja, akatoa sauti ambayo sitaisimulia. Nikamshika. "Kunywa, mzee wangu, tafadhali, kunywa." Akakaza meno. Mtu ambaye hawezi kushika kijiko alikuwa na nguvu za kukaza meno! Nikaenda kwenye kidhibiti nikaugonga ukuta kwa kidole, nikasema kwa furaha ya uongo, "Haya, limezima, limewaka tena, umesikia?"

Akaniangalia kwa huruma. "Mama, mimi si mtoto. Halijazima."

Akatoa mguu wa pili.

Nilisimama ukutani pale. Nikiliacha liwake, atakufa akipambana kushuka kitandani, hana dawa, anaumia, anaomba buti. Nikilizima, huenda lisiwake, na watu wa gari wakute baridi wambebe. Nilimtazama, nikatazama dirisha, weupe mtupu. Nikamwomba Mungu aniambie. Verlyn akaguna tena, na mkono wangu ukashusha kidhibiti kabla mimi mwenyewe sijaamua.

Kimya kikaingia nyumbani. Tukangoja, yeye kichwa upande, macho yamefumba. Nikapandisha. Feni. Tak. Nikajua kule chini kinawaka cheupe. Tak. Vuuu.

"Mbili," akasema, na uso wake ukalegea.

"Mbili, fundi. Inatosha. Kunywa dawa."

"Bado moja."

"Verlyn, nakuomba. Kwa ajili yangu."

"Ni kwa ajili yako, mama. Nikiondoka likakuzimikia usiku, nitalalaje?"

Nikashusha. Nilingoja muda mrefu kuliko ule wa kwanza, nikisema labda kikipoa vizuri kitapata moyo. Nikapandisha kwa vidole viwili. Feni ikavuma. Tak. Nikahesabu moyoni. Tak ya pili, gesi ikapumua, ikajifunga.

Hakuna moto.

Likajaribu tena, hakuna. Tena, hakuna. Nikafungua mdomo niseme "tatu," nimdanganye, lakini anaijua sauti ile kuliko anavyoijua yangu.

"Halijawaka," akasema.

"Halijawaka."

Akalaza kichwa kwenye mto. Nilisubiri aombe buti. Badala yake akasema kwa utulivu, "Basi siondoki."

"Unasemaje?"

"Siondoki, mama. Nipumzike kidogo, kisha tuliangalie tena." Na akafungua mdomo mwenyewe, akangoja kijiko.

Upepo ulipopungua kidogo walifika, mwanga ukiwa unafifia, greda mbele, gari la wagonjwa nyuma. Nyumba ilikuwa imeanza kupoa tena. Mhudumu wa gari la wagonjwa alikuwa mwanamke anaitwa Renae, mpole, mwenye mabega ya mcheza mieleka. Akaweka kiganja kwenye tundu la joto sakafuni, akaniangalia.

"Halitoi kitu, mama."

"Najua."

"Jolene alisema limewaka."

"Liliwaka. Limezima."

Akamwinamia mume wangu. "Bwana Kvamme, tunataka kukupeleka mahali pa joto. Sawa?"

Maisha yake yote Verlyn angejibu, sawa, kama si usumbufu kwenu. Nilimjua, nilishaanza kuuma mdomo. Akafungua jicho moja. "Siondoki. Bado mara moja."

Renae akaninong'oneza, "Amechanganyikiwa."

"Hajachanganyikiwa," Lyle akasema kutoka mlangoni, kofia mikononi, theluji inamdondoka kwenye zulia langu. "Huyu haondoki mpaka liwake mara tatu. Kwetu alikaa mpaka Judy akamwekea sahani ya chakula cha usiku."

Nikamgeukia. "Lyle, asubuhi nilikudanganya. Hatuko sawa. Nataka kihita cha gesi cha kibanda chako cha kuvulia samaki barafuni, nataka blanketi zote za Judy, na nataka ukae humu ndani na sisi. Na usiniulize kama nina hakika."

Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Sikuulizi," akasema, akatoka mbio.

Renae akabaki na mkono kwenye kitanda cha kubebea. Akasema yeye ametumwa, na sharti ni sharti. Nikampigia Jolene, nikaweka simu karibu na mdomo wa baba yake. Sikumwambia Verlyn aseme nini.

"Baba? Baba, wamekuja kukuchukua. Utapata joto."

"Mwambie mteja siondoki," Verlyn akasema.

Nilisikia Jolene anavuta pumzi, mara moja, kisha tena.

"Mwacheni," akasema. "Mama, mwache hapo hapo."

Renae alitusaidia kufunga milango ya vyumba vingine na kutundika mablanketi madirishani. Kihita cha Lyle kilikuwa kinanuka samaki, tukaacha dirisha wazi kidogo kwa sababu ya gesi, tukabaki na chumba kimoja chenye joto la kuvumilika. Lyle alikaa kitini na koti lake. Mimi nilipanda kitandani na koti langu na buti zangu, nikamweka Verlyn kifuani. Aliniita mama mteja mara kadhaa. Mara moja aliniita Ardis, akauliza kwa nini nalia, nikamwambia ni mafua.

Upepo ulikata kesho yake asubuhi, na muda si mrefu baadaye akafa, mkono wake ndani ya koti langu, tanuri chini likiwa baridi. Ndiyo siku pekee aliyoondoka nyumbani kwa mtu kabla tanuri halijawaka mara tatu.